Shukrani Njiani, Mwanzo wa Mvua



Mwezi huu twataka kujifunza pamoja nanyi habari ya kushukuru, wala hatutaanza na kitabu, bali na baiskeli. Labda wengine watacheka. Na wacheke, lakini wasome hata mwisho, maana walimu wengi wa huku Ugogo wamekaa juu ya kiti cha baiskeli saa nyingi kuliko walivyokaa juu ya kiti kingine chochote, na mtu asiyeweza kushukuru hapo hatujui atashukuru mahali gani.

Njia tunayotaka kuisimulia twaijua sana. Hutoka mjini Dodoma kwenda mashariki kwa barabara kuu hata Ihumwa, kisha huiacha lami na kuelekea Hombolo. Kijiji tunachokiendea kiko upande huu wa Hombolo, nasi huenda huko mara mbili kila mwezi kufundisha. Twajua kila kilima. Twajua mahali penye mchanga ambapo hatuna budi kushuka na kuikokota baiskeli. Twajua mbuyu mkubwa ulio nusu ya safari, na nyumba yenye mbwa mkali, na duka lisilofunguliwa kabla ya saa tatu. Na hii ndiyo hatari ya njia iliyozoewa, kwamba macho hukoma kutazama. Mtu apitaye njia ngeni huuliza, Mti huu ni mti gani, na mlima ule waitwaje? Apitaye njia ya kila siku huuliza neno moja tu, Nitafika lini?

Tuseme kweli, mwisho wa kiangazi kilichopita moyo wetu ulikuwa mkavu kuliko njia yenyewe. Katika kijiji kile mvua ya mwaka uliotangulia ilikatika mapema. Uwele ulikauka ukiwa umefika magotini, na mtama uliosalia ulitoa masuke mepesi. Hata ilipofika Oktoba, watu walikuwa wameuza mbuzi wao kwa bei ndogo, maana kila mtu aliuza siku zile zile. Basi siku moja katika mwezi huo tulifundisha habari ya shukrani, kwa kuwa ndilo somo lililokuwa limepangwa. Tulipokwisha, bibi mmoja mzee aliinuka katika mstari wa nyuma, akasema, “Mwalimu, mwaka huu tushukuru nini?”

Hakuuliza kwa hasira, wala kwa dhihaka. Nasi tukamjibu upesi upesi, kama mtu anayetoa senti ili mwombaji aondoke mlangoni. Tulimwambia yale yasemwayo siku zote, ya kwamba pumzi tunayo, na afya tunayo, na kesho i mikononi mwa Mungu. Yote ni kweli. Bibi yule akasema, “Haya, mwalimu,” akaketi. Neno lile “haya” lilitufuata njia nzima hata mjini.

Wasomaji wa Usambara, Kilimanjaro na Bukoba watuvumilie kidogo tukieleza habari za mvua yetu, kwa maana wengi wao wana vuli na masika, nasi tuna majira mamoja tu ya mvua. Kifuku chetu huanza mwisho wa Novemba au katika Desemba, na huisha Aprili. Baada ya hapo ni miezi saba ya mbingu tupu. Mwaka mzima Dodoma hupata kama milimita 550 hata 600 za mvua, na Bukoba karibu 2,000. Tena hizo zetu chache hazigawanyiki sawasawa. Hunyesha kwa nguvu siku moja, kisha ni kimya siku kumi, na mara nyingi mwezi wa Januari au Februari jua huingia katikati, ndipo mkulima huitazama mimea yake ikikunja majani mchana.

Sababu yake yajulikana. Jua hupita juu ya vichwa vyetu mwanzoni mwa Oktoba likishuka kusini, ndiyo maana joto la mwezi ule ni kali. Ule ukanda ambapo pepo za kaskazini na pepo za kusini hukutana hulifuata jua nyuma kwa kukawia. Ukitufikia, mvua yaja, nao ukirudi kaskazini, mvua yaondoka. Katika nchi zilizo karibu zaidi na ikweta ukanda huo hupita mara mbili kwa nafasi kubwa, kwa hiyo wenzetu hupata mvua mara mbili. Kwetu, kwenda kwake na kurudi kwake kumeungana kuwa kipindi kimoja. Zaidi ya hayo twakaa juu ya uwanda, mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, na milima ya mashariki, Uluguru na Ukaguru na Rubeho, huzipokonya pepo za bahari unyevu wao kabla hazijatufikia. Sisi hupokea mabaki.

Wageni wengi wameshindwa kuifahamu nchi hii. Mwaka wa 1947 Serikali ya Uingereza ilileta matrekta mengi Kongwa, mashariki ya Dodoma, ili kulima karanga kwa mashamba makubwa mno. Kiangazi kilipofika udongo ule ulikuwa mgumu kama saruji, mibuyu ilikataa kung'oka, na mvua haikutosha. Kazi iliachwa mwaka wa 1951, na fedha iliyopotea ilizidi paundi milioni 35. Kama wangaliwauliza kina bibi wa Kongwa, wangaliambiwa bure.

Hao wazee wetu walihesabu miaka kwa njaa, na kila njaa ilikuwa na jina. Kubwa kuliko zote zinazokumbukwa ni ile iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1917 hata 1920. Katika vita ya wakati ule majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Na mvua ilipokosa, watu hawakuwa na akiba iliyobaki. Wengi walikufa, wengine wakatawanyika nchi za mbali. Kwa hiyo Mgogo asemapo mvua imenyesha, hasemi habari ya hali ya hewa tu.

Basi, usiku wa kuamkia Jumamosi ya kwanza ya Desemba tulisikia matone juu ya mabati. Kwanza machache, kama mtu anayerusha mahindi. Kisha nyumba nzima ikavuma hata hatukuweza kusikiana. Asubuhi saa kumi na mbili tulitoa baiskeli nje kama desturi.

Harufu ilitupokea mlangoni. Kila mtu wa nchi kavu aijua harufu ile ya mvua ya kwanza, wala hahitaji kufundishwa. Wataalamu husema hutoka hasa kwa viumbe wadogo sana wakaao udongoni, watengenezao kitu kiitwacho jeosmini. Tone likipiga udongo mkavu, harufu hurushwa hewani. Pua ya mwanadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno, kidogo kupita karibu harufu nyingine zote. Kwa nini tumepewa pua kali namna hii kwa harufu hiyo? Hatutaki kujifanya wataalamu, lakini twaona si ajabu kwa kiumbe aishiye kwa mvua.

Baada ya kuiacha lami, njia yetu ilikuwa njia nyingine. Mchanga uliotusumbua miezi yote ulikuwa umeshikana, tukapita juu yake tusishuke. Mabawa ya kumbikumbi yalitapakaa chini kama makapi baada ya kupeta. Wale wadudu wadogo wekundu, wenye ngozi kama mahameli, walikuwa wametoka ardhini na kutembea kila mahali. Huonekana siku chache tu katika mwaka, kisha hatuwaoni tena. Jongoo walivuka njia bila haraka. Katika makorongo, ambayo juzi yalikuwa mchanga mtupu, maji mekundu yalikuwa yakipita. Korongo hizo huingia katika mto Kinyasungwe mdogo, na mto huo ndio uliozibwa mwaka wa 1957 ukawa bwawa la Hombolo. Maji yanayopita huendelea hata mto Wami, na Wami huingia Bahari ya Hindi. Tulisimama kidogo juu ya daraja dogo tukafikiri ya kwamba maji haya yaliyochafua viatu vyetu yana safari ndefu kuliko sisi.

Juu ya waya walikaa mbayuwayu wengi. Ndege hawa hutujia kutoka Ulaya wakikimbia baridi, na mwezi wa Machi na Aprili hurudi. Huko wenzetu wakiwaona husema, Majira ya kuchipua yamekuja, theluji imekwisha. Nao hufurahi kama sisi tunavyofurahi kwa mvua. Ndege ni wale wale. Wao huanza mwaka wao wa shamba wakati sisi tunapokaribia kuvuna.

Na ule mbuyu wa nusu ya safari! Tumeupita mara nyingi kuliko tuwezavyo kuhesabu, na kwa miezi mingi ya mwaka husimama bila jani, kama mti uliopandwa mizizi juu. Asubuhi ile ulikuwa na majani mateke, na chini yake yalianguka maua meupe makubwa, yameanza kugeuka rangi ya kahawia. Ua la mbuyu hufunguka wakati wa jioni, nao popo hulijia usiku na kubeba chavua toka mti hata mti; kesho yake ua hudondoka. Shina lake huweka maji, hunenepa wakati wa mvua na kupungua kidogo wakati wa kiangazi. Tulikuwa tumelala, na kazi hiyo yote ilifanyika.

Tulipokuwa tumeupita mbuyu, gurudumu la nyuma likaanza kulegea. Mbigiri! Kila mwenye baiskeli wa Dodoma aijua miiba hii, yenye pembe kila upande, hata ikianguka namna gani mwiba mmoja hutazama juu. Tukashuka, tukageuza baiskeli miguu juu, tukatoa mpira wa ndani.

Wakati wa kiangazi kutafuta tundu ni kazi ya mashavu. Mtu huujaza mpira upepo, akaupitisha polepole karibu na midomo yake, hata asikie pumzi ndogo. Wengine hutema mate. Maji ya chupa hayamwagwi kwa kazi hiyo, maana jua ni kali na njia ni ndefu. Mara nyingi tumekosea, tukaziba mahali pasipotoboka, tukasukuma baiskeli kilomita nyingi. Lakini siku ile, hatua nne kutoka tuliposimama, palikuwa na dimbwi. Tuliuzamisha mpira majini, na mara mapovu madogo yakapanda mfululizo, moja baada ya jingine, tukaweka kidole juu ya tundu. Kazi ya nusu saa ilikwisha kwa dakika moja.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba tangu mwezi wa Mei hatukuwa tumetumia maji kwa kutafuta tundu. Neno dogo kabisa! Walakini lilitushika kuliko mahubiri. Maji yale hayakuwa yametumwa kwa ajili ya baiskeli. Yalikuja kwa ajili ya uwele na ng'ombe na mbuyu, nasi tukakuta kidogo pembeni.

Watoto watatu waliokuwa wakichunga ng'ombe walikuja mbio. “Shikamoo, mwalimu!” Tukaitikia. Mmoja alishika pampu kabla hatujaombwa, mwingine akatuchagulia jiwe zuri la kukwaruzia mpira, na wa tatu akasimama kuwaangalia ng'ombe, maana wenzake walikuwa wamewasahau. Tulipaka solusheni, tukangoja ikauke kabla ya kubandika kiraka. Asiyengoja kiraka chake hakitashika.

Katika kungoja huko tulifikiri ni watu wangapi walioshiriki katika chombo hiki tunachokilaumu kila siku. Yule Karl von Drais, Mjerumani, aliyetengeneza gari la kwanza la magurudumu mawili mwaka wa 1817, hakuweka pedali. Alisukuma kwa miguu chini. Nao wengine hudhani alisukumwa na njaa: mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka mwaka wa 1815, majivu yakafifisha jua, na mwaka wa 1816 Ulaya ilikosa kiangazi, nafaka ikawa ghali, hata farasi wakakosa chakula. Mwaka wa 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli yenye magurudumu sawasawa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, na umbo hilo ndilo tulilo nalo hata leo. Mwaka wa 1888 John Dunlop, mganga wa wanyama huko Belfast, alipata hati ya mpira wenye upepo, baada ya kuujaribu kwa baiskeli ya mtoto wake yenye magurudumu matatu. Hakuna hata mmoja wao aliyeifikiri njia ya Hombolo. Na fundi wa chini ya mti pale mjini, ambaye aliinyosha rimu yetu kwa bei ya chai, yeye je, tulimshukuru? Tulimlipa. Kushukuru hatukumbuki.

Tulipotaka kuwapa watoto kitu, hawakuomba fedha. Waliomba kupiga kengele. Basi wakapiga, kila mtu zamu yake, hata ng'ombe wakainua vichwa.

Tulifika kijijini kwa kuchelewa, na hapakuwa na mtu darasani. Mlango ulikuwa wazi, mabenchi tupu, kuku mmoja juu ya meza. Siku nyingine tungalinung'unika, tukisema, Watu hawa hawajali neno. Lakini tulijua walipo. Kila mwenye jembe alikuwa shambani, maana mvua ya kwanza haingoji mtu, na unyevu wa leo kesho ni nusu.

Bibi yule mzee tulimkuta akipanda uwele pamoja na wajukuu wawili. Tukamsalimu kwa salamu ya kwao, “Mbukwa!” Akaitikia bila kuinua mgongo. Tukamwambia ya kwamba lile swali lake la Oktoba hatukulijibu vema, na ya kwamba tumekuja tukilifikiri. Akasimama, akajifuta mikono, akasema, “Mwalimu, mimi nilishukuru hata mwezi ule. Mbuzi mmoja alibaki. Ila nilitaka kujua kama wewe wajua tunakula nini.”

Hatukujua. Tulikuwa tukija mara mbili kila mwezi, tukila chakula tulichopikiwa, wala hatukuuliza kilitoka wapi. Akatueleza. Walikula mlenda uliokaushwa, uliotwangwa mwaka wa nyuma, na ugali mara moja kwa siku. Wajukuu walimung'unya ubuyu. Na katika nyumba yake, ndani ya kibuyu kilichozibwa, mbegu ilikuwapo muda wote. Mbegu hii anayoipanda leo! Wajukuu walilia kwa njaa na mbegu ilikuwa hapo, naye hakuigusa. Mwaka uliotangulia alikuwa amepanda mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza jua liliichoma. Akasema kwamba hata leo ameacha sehemu ya tatu ya mbegu kibuyuni, maana haijulikani.

Kisha akasema, “Swali lako na langu tutalizungumza siku ya mvua kubwa. Leo shika mbegu.” Basi tukashika. Yeye alichimba, sisi tukatia punje na kufukia kwa mguu, naye alitusahihisha mara nyingi, maana tulitia punje nyingi mno katika shimo moja.

Sasa, ndugu walimu, tuone somo letu. Luka katika sura ya kumi na saba asimulia habari ya watu kumi wenye ukoma. Wote kumi walipona wakiwa njiani, mmoja tu akarudi, naye alikuwa Msamaria. Twapenda kuwalaumu wale tisa. Lakini hao walitenda waliyoamriwa, walikwenda kujionyesha kwa makuhani. Hatusomi kwamba walikuwa waovu. Wao waliendelea na safari, kama sisi tunavyoendelea na safari, tukiuliza, Nitafika lini? Yule mmoja alijitazama, akaona, akageuka. Alirudi kwa njia ile ile aliyokuja nayo. Na tuangalie, shukrani yake haikuwa kabla ya kuona. Hakuambiwa ashukuru akiwa bado mgonjwa ili wengine waone vizuri.

Watu wa pande zetu hawasomi habari hiyo kama hadithi ya mbali, maana Hombolo penyewe Kanisa la Anglikana liliwatunza wenye ukoma kwa miaka mingi. Mdudu wa ugonjwa huo alionwa na Hansen wa Norway mwaka wa 1873, lakini muda mrefu ulipita kabla ya kupatikana dawa ya kweli. Tangu mwaka wa 1981 Shirika la Afya Duniani limeelekeza dawa zitumiwe kadhaa kwa pamoja, na tangu mwaka wa 1995 hutolewa bila malipo. Mgonjwa hupona kwa miezi sita au kumi na miwili, naye akiwahi hapotezi vidole vyake. Wazee waliopoteza vidole kabla ya dawa hizo kuja, tutawaambia washukuru nini? Wengine wao twajua huimba kwa nguvu kuliko sisi. Lakini hiyo ni juu yao kuimba. Si juu yetu kuwadai.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza lile ombi la chakula cha kila siku, hakukomea katika mkate. Alitaja mavazi na nyumba, shamba na mifugo, jirani wema, na hali njema ya hewa pia. Wanafunzi wetu hukariri orodha hiyo kwa mbio ili wamalize. Twawashauri walimu wasiwaache wamalize. Waulizeni kwa kila neno, Hili tunalo? Lilifika kwa mikono ya nani? Nani hapa kijijini hana? Swali hilo la tatu msiliache, maana bila hilo orodha yote hugeuka kuwa majivuno ya mwenye navyo.

Njia nyingine ni kuhesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kama nyumba ya ibada ina mabati ya mita za mraba 50, na mvua ya usiku mmoja ni milimita 20, juu ya dari zimeanguka lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita ishirini. Waacheni watoto wafanye hesabu hiyo wenyewe, kisha muwaulize mama zao huteka ndoo ngapi kwa siku, na kisima kiko mbali gani. Baadaye muwaulize maji yale ya bati yalikwenda wapi. Katika kijiji chetu yalikwenda chini, yakachimba ukuta. Wazee sasa wanazungumza habari ya mfereji na tangi. Nasi twaona mazungumzo hayo ni sehemu ya somo, wala si jambo la kando.

Na mwalimu afanyeje mvua ikikatika tena mwezi wa Februari? Hatuna neno jepesi, na lile tulilokuwa nalo tumeliona lilivyo. Twajua tu kwamba kabla ya kufundisha shukrani katika mwezi kama huo imetupasa kuingia nyumba tatu au nne na kuuliza kuna nini chunguni. Katika vitabu vya Zaburi mna nyimbo za shukrani na nyimbo za kulia, zimechanganyika, wala hakuna aliyezitenga. Zaburi ya 65 yasifu nchi iliyonyeshewa. Isomeni wiki hii mkiwa mmesimama nje, si ndani.

Saa kumi tuliaga. Bibi alitupa mafungu mawili ya mlenda mbichi, uliochipuka kando ya kisima, wa kwanza wa mwaka. Tukajaribu kuukataa, akatutazama, tukaupokea na kuufunga juu ya karia ya baiskeli. Tulimshukuru kwa mikono miwili.

Jua lilikuwa likishuka tulipofika kwenye mbuyu, na maua mapya yalikuwa yameanza kufunguka, yakining'inia kwa vikonyo virefu. Lile dimbwi letu lilikuwa limekwisha kunywewa na nchi. Palibaki tope lenye ufa mmoja, na alama ya gurudumu, na nyayo ndogo nyingi. Wale watoto watatu walikuwa wakirudisha ng'ombe. Walipotuona waliacha fimbo, wakaja mbio, nasi tukashuka kabla hawajaomba. Kila mmoja alipiga kengele zamu yake, kisha wakaanza tena tangu wa kwanza, hata giza likatukuta kabla hatujaifikia lami.